Mawasiliano ya Kauli na Vipingamizi Vyake: Mifano Kutoka Meru na Embu

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu, alitoa nadharia ya mawasiliano ambayo haikukawia kuvuka mipaka ya uhandisi na kuingia katika isimu. Katika nadharia hiyo yupo mtumaji, upo ujumbe, ipo njia ya kuupitishia, yupo mpokeaji, na ipo kelele, yaani kila kitu kinachoingia njiani na kuuharibu ujumbe kabla haujafika. Mchoro wake umechorwa upya katika vitabu vya mafunzo kwa miaka mingi, na hapana shaka umesaidia. Lakini ni mchoro wa waya. Shannon mwenyewe alieleza wazi kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo alilokuwa akilitatua. Mzee wa Tigania anayetoa ushahidi mbele ya hakimu, au mama wa Mbeere anayemweleza ugonjwa wa mwanawe tabibu aliyezaliwa Kisumu, hana waya. Kati yake na anayemsikiliza wapo watu wengine, zipo lugha mbili au tatu, na upo utaratibu wa kale wa nani aseme nini mbele ya nani. Makala haya yanayachunguza mambo hayo katika nchi ya Meru na Embu, ambako vipingamizi vya namna mbalimbali hukutana mara nyingi katika mazungumzo hayo hayo.

Jina moja, semi nyingi

Wilaya za zamani za Meru na Embu leo ni kaunti tatu: Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.5. Guthrie aliziweka lugha za eneo hili katika kundi la E50, pamoja na Kigikuyu na Kikamba. Bennett, katika uchunguzi wake wa Kanuni ya Dahl uliotoka mwaka 1967, alilipa kundi hilo jina la Thagicu. Naye Möhlig, mwaka 1974, alizichunguza kwa undani lahaja za mashariki ya Mlima Kenya na kuonyesha jinsi zinavyoingiliana.

Msafiri anayetoka mji wa Embu kupitia Runyenjes, akavuka mto Thuci, akapita Chuka na Nkubu mpaka mji wa Meru, kisha akapanda Nyambene hadi Maua, hapati mahali ambapo anaweza kusema kwamba hapa lugha moja imekoma na nyingine imeanza. Husikia mabadiliko madogo madogo. Mtu ni mũndũ kwa Waembu. Kwa Waimenti ni mũntũ. Penye h ya Kigikuyu, Kiembu aghalabu kina v, kama katika handũ na vandũ, maana yake mahali. Katika Kimeru konsonanti hiyo mara nyingi imetoweka. Jirani huelewana na jirani. Walio kwenye ncha mbili za safari hiyo hawaelewani kwa urahisi, na hapo ndipo neno "Kimeru" linapoanza kudanganya, kwa kuwa serikali na shule hulitumia kana kwamba ni jina la usemi mmoja.

Udanganyifu huo una historia. Biblia ya Kimeru iliyotolewa mwaka 1964 iliegemea zaidi usemi wa Imenti, na kwa muda mrefu usemi huo ndio uliohesabiwa kuwa Kimeru cha kuandikwa. Watharaka walipata Agano Jipya katika lugha yao mwaka 2001 tu. Upande wa Embu mambo yalikwenda kwa njia nyingine: kanisani na shuleni vilitumiwa vitabu vya Kigikuyu, na kizazi baada ya kizazi kikajifunza kusali na kusoma kwa lugha ya jirani. Matokeo yake ni kuelewana kwa upande mmoja. Mwembu aliyepita shule aghalabu humwelewa Mgikuyu wa Nyeri vizuri kuliko Mgikuyu huyo anavyomwelewa yeye, ingawa umbali kati ya lugha zao ni ule ule ukipimwa kutoka upande wowote. Wanaopima uhusiano wa lahaja kwa kuhesabu maneno yanayofanana hawana budi kulikumbuka jambo hili: masikio hufundishwa, na hayafundishwi kwa usawa. Redio imefanya kazi ya namna hiyo katika miaka ya karibuni. Muuga FM, ambayo imechukua jina lake katika maamkizi ya Wameru, na Wimwaro FM ya Waembu na Wambeere, zimewazoesha wasikilizaji semi za jirani ambazo shule haikuwahi kuwafundisha.

Sauti na masikio

Lugha hizi zina irabu saba. Kiswahili kina tano. Tofauti ya ĩ na i, au ya ũ na u, ambayo katika Kigikuyu yatosha kutenga kũrũma, maana yake kuuma kwa meno, na kũruma, maana yake kutukana, haina mahali pa kukaa katika Kiswahili. Hili kwa kawaida halimsumbui msemaji wa Meru anapokisema Kiswahili, kwa sababu anatoka penye vingi kwenda penye vichache. Humsumbua mgeni anayejifunza Kimeru. Kwa msemaji wa Meru au Embu taabu iko kwingine: katika Kiembu na katika sehemu kubwa ya Kimeru hakuna upambanuzi wa l na r, na walimu wamepoteza muda mwingi wakiwacheka wanafunzi kwa ajili hiyo bila kuwaonyesha ni wapi hasa kosa hilo linageuza maana.

Linageuza maana, kwa mfano, katika kitenzi kulia. Kikitamkwa kwa r, hukaribiana sana na kũrĩa, ambalo katika lugha za hapa ni kula. Sasa achukuliwe mama aliyemleta mtoto zahanati. Tabibu anauliza kwa Kiswahili kama mtoto analia usiku. Mama anasikia neno lililo karibu na kula, anajibu kwamba hali. Tabibu, asiyeitia maanani tofauti ya hali na halii, anaandika kwamba mtoto ametulia usiku. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosa adabu, na mtoto aliyekataa chakula kwa siku mbili anarudishwa nyumbani. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kila sehemu yake imo katika fonolojia ya lugha zinazohusika.

Maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana yana hatari zaidi kuliko maneno yasiyojulikana kabisa. Neno geni humfanya msikilizaji aulize. Neno la rafiki wa uongo humfanya aitikie kwa kichwa. Kwenda katika Kimeru na Kiembu ni kutaka au kupenda. Kuuma ni kutoka. Anayesema Kiswahili huku akifikiri kwa lugha ya nyumbani aweza kusema kwamba damu "inauma" akikusudia kwamba inatoka, na muuguzi akatafuta maumivu mahali ambapo pana kidonda kinachovuja. Kũringa ni kupiga, na katika Kimeru hata simu huringwa. Kwa mtu wa pwani kuringa ni kujivuna. Neno hili litarudi hapa chini, kwa kuwa lina kisa chake.

Wakati katika ushahidi

Kipingamizi kinachosahauliwa kuliko vyote hakimo katika sauti wala katika msamiati, bali katika njeo. Kiswahili sanifu kina -li- kwa yote yaliyopita: aliyekuja asubuhi alikuja, aliyekuja jana alikuja, na aliyekuja enzi za vita vya Mau Mau pia alikuja. Lugha za kundi la Thagicu hazimruhusu msemaji kuwa mvivu namna hiyo. Kitenzi chenyewe humlazimisha aonyeshe kama jambo limetokea punde, au leo, au jana, au zamani zaidi. Shahidi anayesema Kimeru kwa hiyo huwa amekwisha kuitaja siku kabla hajaulizwa siku. Ushahidi wake ukipita katika Kiswahili, siku hiyo huanguka. Wakili husimama na kumuuliza ilikuwa lini, naye shahidi, ambaye kwa maoni yake amelijibu swali hilo tayari, hushangaa, husita, na kusita kwake huonekana kuwa dalili ya uongo.

Sheria ya Kenya haikulipuuza suala la lugha. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai chaagiza kwamba ushahidi utolewao kwa lugha asiyoijua mshtakiwa ufasiriwe mbele yake mahakamani katika lugha anayoielewa, na chaeleza kuwa lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Lakini haki ya kufasiriwa ni jambo moja, na kazi ya kufasiri ni jambo jingine. Aghalabu shahidi husema Kimeru, karani hufasiri kwa Kiswahili au Kiingereza, naye hakimu huandika kwa Kiingereza. Katika kila kivuko kuna kinachoachwa. Kimeru na Kiswahili havitengi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi ya tatu. Kiingereza hudai mtu achague, na anayechagua ni karani, wakati mwingine kabla shahidi hajafika mahali pa kumtaja mtu huyo kwa jina. "Baba" wa shahidi aweza kuwa ndugu ya baba yake. Tena baba ni wa msemaji. Wa mtu mwingine huitwa ithe, na asiyeijua kanuni hiyo hudhani kwamba wametajwa wazee wawili wa namna mbili.

Lipo pia suala la "ndiyo". Katika lugha za Kibantu za hapa, kama katika Kiswahili, anayeulizwa "Hukumwona?" akajibu "Ndiyo", amekubaliana na kauli iliyo katika swali: ndiyo, hakumwona. Kwa Kiingereza jibu hilo hilo humaanisha kinyume chake. Mawakili wazoefu wanalijua jambo hili. Wengine hulitumia kwa makusudi.

Sasa kisa cha kũringa. Katika Igembe na Tigania kuna kiapo kiitwacho kũringa nthenge, yaani, neno kwa neno, kupiga beberu. Beberu hupigwa mbele ya mashahidi huku waapaji wakitamka maneno ya kiapo, na anayeapa uongo huaminiwa kwamba amejiletea balaa yeye na jamaa zake. Katika istilahi ya Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, hii ni kauli yenye kutenda: kusema ndiko kufanya. Mzee akieleza mahakamani kwamba yeye na jirani yake walimaliza ugomvi wa mpaka kwa kũringa nthenge, ametaja hukumu iliyokwisha kutolewa, tena hukumu nzito kuliko faini. Karani asiyetoka sehemu hizo hufasiri kwamba walimpiga mbuzi. Kila neno limefasiriwa, na hakuna kilichobaki. Mtu angeweza hata kudhani kwamba kinachosimuliwa ni kosa la ukatili kwa mnyama.

Msemaji na idhini ya kusema

Mpaka hapa vipingamizi vyote vimekuwa vya ujumbe kupotea njiani. Kuna vingine ambavyo havipotezi chochote. Ujumbe hufika mzima, husikiwa na kueleweka, na bado haupokelewi.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika historia ya Meru ni wa mwaka 1956. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo lina makao yake Nchiru katika Tigania, na ambalo utawala wa kikoloni ulikuwa umelitambua katika miaka ya 1930 alipokuwapo H. E. Lambert, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. (Lambert huyo ndiye aliyekuja kuandika juu ya lahaja za Kiswahili za Vumba, Chifundi na Jomvu, wachache wanaomsoma kwa ajili ya Kivumba wanajua kwamba alipata kuwa mkuu wa wilaya ya Meru.) Marufuku hayo yalitangazwa kwa lugha ya wenyeji, na wenyeji, kwa ajili ya wenyeji. Kelele ya Shannon haikuwapo. Hata hivyo, wasichana wengi walijikata wenyewe kwa wembe, na katika muda wa miaka mitatu hivi watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Lynn Thomas, mwanahistoria aliyelichunguza jambo hili, ameonyesha kwamba wasichana hao walijulikana kwa jina la Ngaitana.

Neno hilo lastahili kutazamwa na wanaisimu. Ni sentensi nzima: n- ya nafsi ya kwanza, -ga- ya wakati ujao, -ĩ- ya kujirejea, na shina la kutahiri. Kiswahili hulipa mofimu kwa mofimu: ni-ta-ji-tahiri. Uzito wake wote umo katika kile kiambishi cha kujirejea. Tohara ilikuwa kazi ya wanawake wazima, nao walikuwa na mabaraza yao. Wazee wa Njuri walikuwa wamesema juu ya jambo ambalo kwa desturi halikuwa lao kulisemea, tena wakati wa hali ya hatari, wakiwa na serikali nyuma yao. Hapa suala la kama desturi yenyewe ilikuwa njema halihusiki. Madhara yake kwa miili ya wasichana yanajulikana, na sheria ya Kenya leo yaikataza. Linalohusika ni kwamba amri inaweza kuwa sahihi katika sarufi, wazi katika maana, na njema hata katika kusudi, ikashindwa kwa sababu wasikilizaji hawakumtambua msemaji kuwa ndiye mwenye kauli hiyo. Wanaotumwa vijijini kueneza maarifa ya afya wangefanya vyema kukisoma kisa hiki kabla ya kununua vipaza sauti.

Kinyume chake pia kimo katika desturi za Meru. Kati ya koo fulani kuna uhusiano wa gĩcĩaro, udugu wa kiapo ambao humfanya mtu asiweze kumnyima ndugu huyo analoliomba, wala kumdanganya, kwa hofu ya balaa. Ndiyo maana katika magomvi huitwa mtu wa gĩcĩaro, awe ndiye mwenye kuuliza. Swali ni lile lile ambalo polisi angeuliza, kwa maneno yale yale; linalobadilika ni kinywa linamotoka. Kadhalika Bernardi, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1959, alieleza habari za Mũgwe, ambaye uwezo wake haukuwa wa silaha bali wa baraka, yaani wa maneno yaliyotamkwa na yeye wala si mwingine.

Maamkizi nayo yahesabiwe hapa. Malinowski aliyaita mazungumzo ya namna hii usemi wa kujenga ushirika, usio na habari ndani yake. Ofisa kijana anayefika barazani na kuanza na ajenda, bila "Muga" na bila kuuliza hali ya mvua na mifugo, hudhani ameokoa muda. Wazee humsikiliza kwa adabu na kunyamaza. Naye hukosea mara ya pili anapoandika katika ripoti yake kwamba wananchi waliafiki, kwa kuwa hakuna aliyepinga. Mbele ya mkubwa au mgeni, kunyamaza ni heshima; kwa kijana mbele ya wazee ni wajibu; kwa mkwe mume mbele ya mama mkwe huenda pasiwe na usemi wowote wa moja kwa moja. Kukubali kunahitaji maneno yake.

Ardhi na masimulizi

Katika Mbeere mambo haya yote yalikutana pamoja wakati ardhi ilipopimwa na kuandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Koo zilitakiwa zithibitishe kwamba ardhi ni yao, na uthibitisho haukuwa wa hati bali wa kauli: babu gani alifyeka msitu wapi, alimkaribisha nani, alichinja mbuzi gani na mbele ya nani. Mwaniki alikuwa akikusanya masimulizi ya Embu na Mbeere karibu miaka hiyo hiyo kwa ajili ya historia. Mbele ya kamati za ardhi masimulizi ya namna hiyo yalikuwa mali. Glazier, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1985, ameeleza jinsi mapokeo yalivyotumika katika magomvi hayo, na jinsi koo zilivyoungana na kutengana kwa kufuata nasaba zilizosimuliwa. Aliyekuwa na mzee mwenye kumbukumbu na ulimi alikuwa na nafasi. Aliyekuwa na haki lakini mzee wake amekwisha kufa alikuwa mashakani. Zaidi ya hayo, kauli iliyotungwa kwa ajili ya kusikiwa na watu wanaowajua wahusika wote, penye kupinga na kukumbushana, ilipaswa sasa kuingia katika jalada kwa mistari michache.

Mashauri ya namna hiyo hayajaisha. Yanapofika mahakamani, huenda mzee wa Tharaka akapewa karani wa Imenti, kwa kuwa katika jalada lugha ya shahidi imeandikwa "Kimeru". Wanaelewana kwa sehemu, na adabu humzuia kila mmoja kukiri ni sehemu gani. Mzee husema njeo nne, karani husema moja. Mzee hutaja kiapo, karani hutaja mnyama. Shauri likikatiwa rufani, majaji husoma yale aliyoyaandika hakimu kwa Kiingereza, na maneno ya Kitharaka aliyoyasema mzee aghalabu hayamo popote katika jalada.